Muhula wa Kungoja Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na Dada amehamia kwangu. Sijui kipi kati ya hivyo viwili kitanitesa zaidi muhula huu.

Amekuja na masanduku mawili, mto wake mwenyewe na saa ya ukutani. Saa ameshaitundika mahali ilipokuwa picha yangu ya mahafali. Nilipouliza, akasema kwenye picha ile naonekana kama mtu mwenye homa. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, mimi nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo nyumba ni yangu lakini neno la mwisho ni lake.

Sababu ya kuja ni hii. Dada anafanya kazi hospitali, kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa. Mafaili yote yanahamia kwenye kompyuta, na wafanyakazi wa kitengo wameambiwa kila mmoja awe na cheti cha kuandika programu ifikapo mwisho wa Juni. Atakayekosa atastaafishwa mapema. Chuo cha karibu chenye kozi hiyo ni hiki ninachofundisha, na mwalimu wa kozi ni mimi.

"Darasani nitakuita mwalimu," aliniambia huku akikagua sufuria zangu. "Lakini ukinikaripia mbele za watu, nyumbani tutaonana."

Jumanne, 4 Machi

Amechelewa kipindi. Tumetoka mlango mmoja, wakati mmoja! Eti alisimama kumsalimia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo niandike habari za Sita, maana naona zitanimaliza.

Lugha ya kompyuta ninayofundisha ilifika toleo la tano zamani sana, ndiyo maana sote tunaiita Tano. Nimeifundisha miaka yote ya kazi yangu. Toleo la sita liliahidiwa nikiwa bado mwanafunzi. Tukangoja, tukangoja, mpaka likawa mzaha wa chumba cha walimu: ukimuuliza mtu lini atakurudishia kitabu chako, anakujibu, "Sita ikitoka." Fundi wa paa langu, ambaye kila nikimpigia yuko njiani anakuja, nimemhifadhi kwenye simu kwa jina la Sita.

Basi imetoka. Kweli kabisa. Yule kijana aliyeajiriwa mwaka jana kwa mkataba, wa begi mgongoni, aliingia chumba cha walimu mikono juu utadhani kafunga goli. "Mwalimu, imetoka! Jamani, imetoka!" Kuanzia leo namwita Bwana Sita, na wala hakukasirika, alicheka. Mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi wamekuwa wakimkimbia kwenda chuo kipya cha ng'ambo ya barabara, hakungoja hata chai yake ipoe. Kufika mchana bango lilikuwa limeshatundikwa langoni: CHUO CHA KWANZA KUFUNDISHA TOLEO JIPYA.

Nikachukua programu yangu ya mahudhurio, ambayo imenihudumia miaka nenda miaka rudi bila kulalamika, nikaiendesha kwa Sita. Ilikataa mstari wa kwanza. Nikarekebisha. Ikakataa wa pili. Nikarekebisha. Nilipofika wa tano nikafunga kompyuta. Toleo jipya la kitu linatakiwa limjue mkubwa wake, hata kwa mbali. Hili halikuijua Tano kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Paa linavuja juu ya kitanda cha Dada. Amekihamishia chumbani kwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imetoka Bodi ya Mitihani. Kurasa tatu za salamu na masharti ya sare, halafu mstari mmoja wenye maana: "Mtihani wa vitendo utafanyika kwa kutumia toleo jipya la lugha."

Toleo jipya lipi? Tano nayo hutolewa upya kila mwaka, na marekebisho madogo madogo. Hiyo pia ni toleo jipya. Nikapiga simu Bodi. Nikaunganishwa kwa mama wa mapokezi, ambaye alinipeleka kwa bwana wa ratiba, ambaye alinipeleka kwa mtu anayekula, ambaye alinirudisha kwa mama wa mapokezi. Nimepigwa danadana mpaka sikio likapata moto. Mwishowe mmoja akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu, toleo jipya ndilo toleo jipya."

Ijumaa, 14 Machi

Nimepiga tena. Toleo jipya ndilo toleo jipya.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu ameniita ofisini, nikamkuta Bwana Sita ameshakaa. Mkuu akasema amechoka na wasiwasi wangu, akapiga simu Bodi mwenyewe, akaweka kipaza sauti ili sote tusikie.

"Nauliza tu, ni Sita, sivyo?"

"Ndiyo mkuu," ilisema sauti ya Bodi. "Si ndiyo inayofuata Tano?"

Hesabu ya chekechea! Nikajaribu kusema neno, Mkuu akanyoosha kiganja. Akaamua palepale: darasa langu linachukuliwa na Bwana Sita. Mimi nitasimamia maabara ya kompyuta, maana yake printa na nyaya. Nilisema sawa. Nilisema vizuri tu, nikafunga mlango taratibu, nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Jumanne, 18 Machi

Dada kaniuliza kwa nini macho yamevimba. Nimesema vumbi. Katika mvua hii!

Jumatano, 26 Machi

Nimetangaza kwamba anayetaka kuendelea na Tano aje maabara wakati wa mapumziko. Wamekuja wanne. Dada hakuja.

Jioni nikamuuliza. Alikuwa mezani, miwani puani, anaandika Sita huku anatabasamu peke yake.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi kichwa changu ni kimoja. Nikiingiza Tano na Sita, zote zitatoka zimechanganyika. Mkuu kasema Sita, Bodi imesema Sita, nasoma Sita."

"Na kama Bodi wamekosea?"

"Na kama wewe una wivu?"

Loo! Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 28 Machi

Bwana Sita hivi, Bwana Sita vile. Bwana Sita anaeleza polepole. Bwana Sita hachoki kuulizwa. Nyumba nzima ni Bwana Sita.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ilikuwa kubwa mno, barabara ya chini imejaa maji. Bwana Sita alimsindikiza Dada mpaka mlangoni na mwavuli mmoja, yeye mwenyewe ameloa upande wote wa kushoto. Sikuwa na la kufanya ila kumkaribisha chai.

Nilitaka nimchukie kwa utulivu. Lakini Dada alianza kumuuliza kwa nini programu yake inatafuta faili la mgonjwa mwanzo mpaka mwisho hata kama faili lipo mwanzoni, na yule kijana akaweka kikombe chini akamwambia, "Mama, hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya wiki hii." Akavuta karatasi, akachora makabati ya hospitali, akamuuliza Dada yeye mwenyewe akitafuta faili anaanzia wapi. Dada akaeleza. Anajua kila kabati. Anajua mgonjwa wa kudumu kwa mwendo wake kabla hajafika dirishani, na faili linakuwa limeshatoka. Alivyoeleza, kijana akawa anageuza maneno yake kuwa mistari ya programu, na Dada akaona kazi yake ya miaka yote inasimama kwenye karatasi. Akavua miwani, akaipangusa.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Dada aliwahi kuniuliza swali hilohilo, wiki ya kwanza. Nilimjibu, "Ndivyo inavyoandikwa, we nakili."

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi wa paa yuko njiani.

Jumanne, 15 Aprili

Bwana Sita kaja maabara, akafunga mlango, akasimama anachezea mkanda wa begi. Nikajua ana jambo.

"Mwalimu, unajua mimi huwa nafuatilia wanachoandika waundaji wa lugha. Wanasema kitu kinanipa wasiwasi. Wanasema Sita haikuja kuiondoa Tano. Ni mdogo wake. Tano inaendelea na njia yake, Sita na yake."

"Kwa hiyo si toleo la Tano?"

"Ilianza kama toleo. Wakaijenga, wakaijenga, ikatoka lugha nyingine. Jina ndilo lilibaki."

Nilikaa. Miaka yote tumesimama kituoni tukingoja gari ambalo haliji kwetu.

"Ulijua tangu lini?"

Akatazama chini. "Nilianza kuhisi mwezi uliopita. Mkataba wangu unaisha muhula huu, mwalimu. Mkuu amenipa darasa kwa sababu ya Sita."

Mimi yule wa wiki ya kwanza ningemkaripia. Lakini kijana alikuwa ameloa tena, na alikuwa amekuja mwenyewe. Nikamwambia twende wote.

Mkuu alitusikiliza vizuri, niseme ukweli. Alishika tama, akatazama dirishani upande wa lango lenye bango. Halafu akasema, "Walimu wangu, nimeuliza Bodi mkiwa hapa. Wamesema Sita. Nikawaambie wanafunzi nini leo, kwamba walimu wanaijua Bodi kuliko Bodi?" Tukampa barua ya kuwapelekea Bodi. Ameituma. Tunangoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Tunangoja.

Jumatatu, 5 Mei

Majibu yamekuja: "Barua yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi." Wanne wa Tano wamebaki watatu. Dada ameandika programu inayotafuta faili kwa namba, kwa tarehe ya kuzaliwa au kwa wodi, na imemtii. Amenionyesha. Nilisema, "Si mbaya." Ningekufa kama ningesema nzuri?

Jumatano, 14 Mei

Dada ameota anafungiwa nje ya kitengo na ufunguo hauingii. Asubuhi hakutaka chai. Nimemwambia atafaulu tu. Akasema, "Wewe unasema hivyo kwa sababu una kazi."

Ni kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya mtihani wa vitendo. Nisipoandika leo sitaandika.

Mtihani wenyewe unakwenda hivi: maswali hutokea kwenye skrini, mwanafunzi anaandika programu, akimaliza anabonyeza kutuma, na mashine ya Bodi kule kwao inaiendesha na kutoa alama papo hapo. Alama hutokea kwenye skrini ya mwanafunzi na ofisini kwa Mkuu. Sisi walimu tunatakiwa tukae mbali na chumba, kwa hiyo mimi, Mkuu na Bwana Sita tulikaa mbele ya ile skrini, mvua inapiga bati mpaka mtu unasema kwa kupaza sauti.

Jina la kwanza likatokea. Sifuri. Mkuu akasema huyu alikuwa mtoro. Jina la pili, sifuri. La tatu, sifuri. Kisha mmoja wa wale watatu wangu wa Tano, ambaye alikaidi akaandika Tano: sabini na moja. Halafu sifuri, sifuri, sifuri.

Nikaelewa. Mashine ya Bodi ilikuwa inasahihisha kwa Tano.

Sasa hapa niseme kama lilivyo. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Niliruka kwenye kiti. Nikasema, "Nilijua!" Tena kwa sauti, na uso mzima ukicheka, mikono nimeipiga pamoja. Miezi miwili ya printa na nyaya ilinitoka kwa neno hilo moja. Mlango ulikuwa wazi. Nikageuka, Dada alikuwa amesimama pale.

Alikuwa ametoka chumba cha mtihani na kuja kuuliza kwa nini skrini yake imeandika sifuri. Alinitazama. Akatazama skrini, jina lake lilikuwa limefika, na ile sifuri mbele yake. Akanitazama tena, nami nilikuwa bado sijaweza kuuondoa ule uso.

"Hongera," alisema, akaondoka. Aliacha mwavuli.

Ijumaa, 23 Mei

Dada amehamisha kitanda chake sebuleni. Kinavujiwa kule pia. Hasemi nami. Akitaka chumvi anasimama karibu nayo mpaka nisogee.

Fundi wa mitambo wa Bodi amepiga simu mwenyewe, sauti imemkauka, nadhani vyuo vingi vinamlilia. Akaeleza. Mashine yao iliamriwa ijichukulie toleo jipya la lugha. Ikaenda, ikachukua Tano ya mwaka huu. Sita haikuiona kabisa, kwa sababu huko inakohifadhiwa Sita haipo kwenye safu ya Tano. Ina mahali pake, na faili zake. Wale wa ofisini walituambia Sita kwa kuhesabu vidole, na mashine haikuhesabu vidole.

"Kwa hiyo mashine peke yake ndiyo haikuchanganyikiwa," alisema Mkuu.

Jumatatu, 26 Mei

Bodi watakubali mtihani urudiwe, kwa Tano, iwapo mwalimu aliyefundisha Sita ataandika na kutia sahihi kwamba alichofundisha si toleo la Tano, na kwamba wanafunzi walielekezwa vibaya. Barua hiyo itabaki kwenye faili lake.

Nilidhani kijana atabwaga manyanga. Alichukua kalamu palepale mezani kwa Mkuu. Nikamwambia, "Fikiri kwanza, mkataba wako." Akasema, "Mama yule aliniamini," akaandika. Alimaanisha Dada. Mkuu alisoma, akasoma tena, akavuta kalamu yake mwenyewe akaongeza mstari: kwamba amri ilikuwa yake. Kisha akatoka kwenye mvua bila koti, akalishusha lile bango kwa mikono yake. Mimi nilimshikia ngazi. Muhula mzima nilikuwa nimemwona mtu wa kujionyesha tu, na kumbe ameishi na hofu ya kufunga chuo.

Marudio ni tarehe tisa Juni.

Jumanne, 27 Mei

Nimempa Dada habari. Akasema harudii. Atastaafu afuge kuku. Nikamwambia anaogopa kuku.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeshindwa kuvumilia. Nilimkuta anakunja nguo, nikakaa sakafuni mbele yake kama nilivyokuwa nikikaa akinisuka.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi? Ulisema ulijua, na ulijua."

"Nilifurahi. Nilifurahi kweli, usinisaidie kukataa. Waliniondoa darasani, na wewe ukanipita ukaenda kwake, na siku ile niliona haki yangu imerudi. Sikukumbuka kwamba jina lako limo. Nilikumbuka nilipokuona mlangoni. Naona aibu."

Alikunja shati lilelile mara kadhaa.

"Unajua kilichoniuma?" alisema hatimaye. "Si ile sifuri. Nimeshapata sifuri maishani, sijafa. Kilichoniuma ni kwamba tangu uko mdogo, ukifaulu, mimi nilikuwa natangulia kucheka kabla yako. Nikasema, haya, siku yangu mimi imefika, na huyu anacheka kwa lake."

Nikalia, kwa sauti, bila kusingizia vumbi. Aliniacha nilie kiasi alichoona kinatosha. Kisha akasema, "Inuka, unaloanisha nguo nilizokwisha kukunja." Nikainuka. "Hiyo Tano yako," aliuliza, "mtu anaanzia wapi?"

Ijumaa, 30 Mei

Tumeanza. Tumegombana. Tumeanza tena.

Jumamosi, 31 Mei

Nimefundisha kazi hii miaka yote na sikuwa nimejua kwamba sielezi, naamuru. Dada akiuliza kwa nini, nasikia mdomo wangu unaanza "Ndivyo ilivyo" na naukamata njiani. Yeye naye ni mkaidi, anaandika Sita ndani ya Tano, mistari myekundu ya makosa inajaa skrini, halafu anailaumu kompyuta yangu kwamba ni ya zamani kama mwenye nayo.

Mchana nilinyoosha mikono, nikampigia Bwana Sita.

Alikuja na begi lake. Akagawa karatasi katikati: kushoto Sita, kulia Tano. "Mama, unachotaka kusema ni kilekile. Kule ulikuwa unakisema hivi, huku kinasemwa hivi." Dada akamtazama, akatazama karatasi, akasema, "Aaa!" Ile programu ya mafaili, ambayo nilikuwa nimemwambia aisahau aanze upya, akaanza kuihamisha mstari kwa mstari, wala hakuisahau. Na mimi nikiangalia upande wa kushoto niliona kwa mara ya kwanza Sita inasema mambo mengine vizuri kuliko Tano yangu. Niliuliza swali. Kijana akanijibu kwa upole uleule anaomjibu nao Dada, na niliumia kidogo, na nikaandika jibu.

Jumatano, 4 Juni

Waundaji wenyewe wametangaza rasmi: Sita si toleo la Tano, ni lugha inayojitegemea, na watatafuta jina lingine waiite. Leo ndiyo wanasema! Chumba cha walimu hatuna mbavu kwa kucheka. Bwana Sita alikuwa na furaha kweli. "Afadhali ipate jina lake," alisema. "Watu wataacha kuiuliza kwa nini haifanani na Tano." Nikamuuliza naye tumwite nani sasa. Akasema nimngoje, toleo jipya linakuja.

Ijumaa, 6 Juni

Dada ameendesha programu nzima kwa Tano. Safi, bila nyekundu hata moja. Nilisema, "Nzuri." Nikasema tena, asije akadhani nimekohoa.

Jumatatu, 9 Juni

Amerudia mtihani. Bodi wamesema safari hii majibu yatasahihishwa na watu pia, alama hazitatokea papo hapo, kila mmoja ataletewa zake kwa simu. Alitoka, nikamfungulia mwavuli. "Usiniulize," alisema. Sikumuuliza. Njia nzima hadi nyumbani tulizungumzia bei ya mapazia.

Alhamisi, 12 Juni

Bado. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Mkuu amemwita kijana. Muhula ujao kutakuwa na kozi mbili, kila moja na jina lake: Tano kwangu, na ile nyingine kwake, iwapo watapatikana wanafunzi wa kutosha. Nimejiandikisha. Mkuu alidhani natania.

Jumatatu, 16 Juni

Bado. Dada amefunga sanduku moja, amelifungua, amelifunga.

Jumatano, 18 Juni

Hospitali wamempigia kumkumbusha tarehe ya mwisho. Amejibu kwa sauti ya ofisini, "Ndiyo, nafahamu." Baada ya hapo amefagia nyumba nzima, hata chini ya jokofu.

Ijumaa, 20 Juni

Leo hakukunyesha. Tulikuwa uani tunaanika magodoro, maana yote yalinuka unyevu. Simu ya Dada ikalia ule mlio wa ujumbe mfukoni mwa aproni yake. Akaitoa, akaona ni Bodi, akasimama.

"Soma wewe," alisema, akaninyooshea.

"Dada, ni yako."

"Nimesema soma."

Nikaipokea. Vidole vilikuwa na maji, skrini ikagoma, nikafuta kwenye sketi, nikafungua. Kulikuwa na salamu ndefu kama kawaida yao. Nikashuka nayo taratibu mstari kwa mstari. Niliogopa hata kupepesa macho. Yeye hakuitazama ile simu hata kidogo. Alikuwa amesimama karibu, mkono juu ya godoro, ananitazama usoni.

Nikafika kwenye alama. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Basi nimefaulu," alisema Dada, na akaanza kucheka, na mimi nilikuwa nimeshatangulia.